Hewa, Hali ya Hewa na Tabianchi: Suala la Istilahi katika Ufundishaji wa Elimu ya Angahewa kwa Shule za Msingi Tanzania

IKISIRI

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya maana za kawaida za maneno ya Kiswahili na dhana za kisayansi ambazo mwanafunzi wa shule ya msingi hutarajiwa kuzipata anapofundishwa kuhusu hewa, hali ya hewa, tabianchi na angahewa. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa mada hii hautokani na upungufu wa istilahi, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Chanzo chake ni wingi wa maana ambazo mtoto huja nazo darasani, na ambazo mwalimu huzipita bila kuzigusa. Makala yanaonyesha pia kwamba lugha yenyewe, hususan msamiati wa majira na pepo wa mwambao, ina nyenzo za kufundishia ambazo hazijatumiwa ipasavyo. Mwishoni panapendekezwa mpangilio wa masomo manne.

1.0 Utangulizi

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini Tanzania. Mjadala wa kitaaluma kuhusu lugha ya elimu umeelekezwa zaidi kwenye ngazi ya sekondari, ambako Kiingereza kimeendelea kutumika. Ngazi ya msingi imechukuliwa kuwa ni mahali ambapo tatizo lilikwishatatuliwa: mtoto anafundishwa kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo anaelewa. Makala haya yanalenga kuonyesha kuwa hitimisho hilo ni la haraka mno. Kuielewa lugha ya mwalimu si sawa na kuielewa dhana, na pengine ule urahisi wa lugha ndio unaoficha ukweli kwamba dhana haijaeleweka.

Katika kazi yake ya mwaka 1926 kuhusu namna mtoto anavyoudhania ulimwengu, Jean Piaget alionyesha kuwa mtoto hafiki mbele ya mwalimu akiwa mtupu. Tayari ana maelezo yake kuhusu mambo anayoyaona, yakiwemo mambo ya angani. Lev Vygotsky, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1934, alitofautisha dhana za kila siku, ambazo mtoto huzipata kwa kuishi, na dhana za kisayansi, ambazo huzipata kwa kufundishwa kwa utaratibu. Kwa Vygotsky, aina hizi mbili hukutana ndani ya neno. Neno ni lile lile, lakini kazi linalofanya katika fikra hubadilika. Msimamo huo ndio msingi wa uchambuzi unaofuata.

Mada ya hewa na angahewa imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, imewahi kuwekwa katika masomo mbalimbali, yaani Jiografia, Sayansi na Maarifa ya Jamii, kadiri mitaala ilivyobadilika; lakini popote ilipowekwa maneno yake ya msingi yamebaki yale yale. Pili, matokeo ya kutoielewa hayaishii katika karatasi ya mtihani. Kimbunga Hidaya kilipofika katika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, taarifa za tahadhari zilitolewa kwa Kiswahili. Mtu anayepokea taarifa ya namna hiyo huipokea kwa dhana alizozipata shuleni, na kwa Watanzania wengi shule hiyo ilikuwa ya msingi.

2.0 Neno 'Hewa' na Maana Zake

Mwalimu anapoandika ubaoni kwamba hewa ni mchanganyiko wa gesi, anatumia neno ambalo mwanafunzi wake analifahamu kwa angalau maana nne nyingine.

Maana ya kwanza ni upepo mwanana. Mtu aliyekaa chumbani wakati wa joto husema hapa hakuna hewa, naye hutoka kwenda kupunga hewa. Kwa maana hii, hewa ikitulia huwa haipo. Maana ya pili ni kile kinachovutwa puani na kumpa mtu uhai: mgonjwa hukosa hewa, na aliyezama majini huishiwa hewa. Hapa hewa ni jina jingine la oksijeni. Maana ya tatu ni gesi ya aina yoyote, kama inavyodhihirika katika istilahi 'hewa ukaa'. Maana ya nne ni kitu kisichokuwepo. Watumishi hewa ni majina yaliyomo katika orodha ya mishahara bila ya watu wenyewe kuwepo. Na aliyefuata fedha akarudi mikono mitupu husemwa kuwa amepata hewa.

Maana hii ya nne ndiyo yenye athari kubwa zaidi katika ufundishaji. Sayansi inataka mtoto akubali kuwa hewa ni maada, inachukua nafasi na ina uzito. Lugha ya mtaani inamfundisha, tena kila siku, kuwa hewa ni mfano halisi wa kutokuwepo. Mwanafunzi anayekariri kwamba hewa ina uzito hana budi kuyaweka maneno hayo pembeni mwa lugha yake, yawe maneno ya darasani tu.

Njia ya kuondoa mgongano huu ni hesabu rahisi. Mita moja ya ujazo ya hewa karibu na usawa wa bahari ina uzito wa takriban kilo 1.2. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 lina ujazo wa mita 144. Hewa iliyomo humo ina uzito wa kilo 172 na ziada, yaani zaidi ya mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50. Mwanafunzi anayelipima darasa lake mwenyewe na kuifikia tarakimu hiyo kwa mkono wake ana sababu ya kuishangaa lugha yake. Mwalimu asiuzime mshangao huo. Aitumie nafasi hiyo kuuliza: kwa nini basi husema 'hewa' tunapokusudia 'hakuna kitu'?

Maana ya pili nayo hupotosha. Mwanafunzi anayeamini kuwa hewa ni oksijeni hushindwa kuelewa kuwa sehemu kubwa ya anachovuta, takriban asilimia 78, ni naitrojeni, na kwamba oksijeni ni asilimia 21 tu. Vivyo hivyo, anayechukulia hewa ukaa kuwa ni 'hewa chafu' hushangaa anapoambiwa kuwa mimea huihitaji. Kiasi chake angani ni kidogo sana: kabla ya mapinduzi ya viwanda kilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja, na sasa kimezidi sehemu 420. Tatizo la hewa ukaa limo katika kiasi chake kinavyoongezeka, na katika uwezo wake wa kuzuia joto lisitoke. Usafi au uchafu si kipimo chake. Hoja hiyo haiwezi kufundishwa kwa neno 'uchafu'.

3.0 'Hali ya Hewa' na 'Tabianchi'

Kwa muda mrefu neno 'hali ya hewa' lilibeba dhana mbili ambazo wanasayansi huzitenganisha: jinsi hewa ilivyo mahali fulani kwa saa au siku fulani, na jinsi ilivyozoeleka kuwa mahali hapo kwa miaka mingi. Jiografia ya shuleni ilikuwa na 'tabia ya nchi' kwa dhana ya pili, lakini katika matumizi ya jumla 'hali ya hewa' iliendelea kutawala. Hadi leo yapo maandishi yanayozungumzia 'mabadiliko ya hali ya hewa' yanapokusudia jambo ambalo nyaraka rasmi za Tanzania huliita 'mabadiliko ya tabianchi'.

Inaweza kudhaniwa kuwa huu ni ubishi wa majina tu. Sivyo. Katika somo la kwanza mwanafunzi hufundishwa kuwa hali ya hewa ni ile inayobadilika saa kwa saa: asubuhi ukungu, mchana jua, jioni mvua. Kubadilika ndiyo sifa yake. Mwanafunzi huyo akiambiwa baadaye kwamba dunia inakabiliwa na hatari inayoitwa mabadiliko ya hali ya hewa, ana haki ya kuuliza hatari hiyo ni ipi, kwa kuwa hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu alipoanza kufahamu. Istilahi imeifuta hoja kabla haijaelezwa. Tena mwenye kutaka kuikana hoja hiyo huwa amepewa jibu tayari: mambo hubadilika siku zote.

Istilahi 'tabianchi' ina faida ambayo haijasisitizwa vya kutosha. Neno 'tabia' katika Kiswahili halihusu tendo moja. Mtu aliyekasirika leo hatuwezi kusema kuwa hiyo ndiyo tabia yake, tunasema amekasirika. Ili tuseme ana tabia ya hasira, ni lazima tuwe tumekaa naye. Tabia hujulikana kwa kurudiwarudiwa, na huchukua muda kuhukumiwa. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya istilahi inabeba ndani yake wazo lile lile ambalo sayansi inalihitaji, na mwalimu anaweza kulitoa katika ufahamu wa kawaida wa mtoto bila kuazima mfano kutoka nje.

Sehemu ya pili, 'nchi', ina utata. Katika Kiswahili cha leo nchi ni kwanza dola yenye mipaka na bendera. Mwanafunzi anaweza kudhani kuwa kila dola ina tabianchi yake moja, na kwamba pana 'tabianchi ya Tanzania'. Lakini kaskazini mwa Tanzania, pwani ya kaskazini na visiwani hupata misimu miwili ya mvua, masika na vuli. Kanda ya kati, kusini na nyanda za juu kusini-magharibi hupata msimu mmoja, kuanzia takriban Novemba hadi Aprili. Mwalimu anapaswa kuirejesha maana kongwe ya nchi, yaani ardhi na mahali, ambayo bado imo katika misemo kama nchi kavu. Hapo mwanafunzi ataelewa kuwa kilele cha Kilimanjaro na mji wa Moshi ulio chini yake vimo katika dola moja lakini vina tabianchi mbili.

4.0 Msamiati wa Majira na Pepo kama Nyenzo

Hadi hapa tumezungumzia vikwazo. Lugha hii, hata hivyo, ilizaliwa miongoni mwa watu ambao riziki yao ilitegemea kuusoma upepo, na msamiati wao ni hazina ya mwalimu.

Tuanze na kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Kati yake huwa na kipindi cha maleleji, ambapo upepo hauna msimamo. Wanafunzi wengi hukosea wanapoulizwa upepo wa kusini-mashariki unaelekea wapi, kwa kuwa hudhani upepo hupewa jina la uendako. Kiswahili kinalo jibu: upepo wa kaskazi ni ule utokao kaskazini, na wa kusi ni ule utokao kusini. Upepo huitwa kwa utokako, kama mgeni anavyojulikana kwa kwao. Kanuni hiyo ndiyo inayotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa duniani kote.

Nyenzo ya pili ni hesabu ya miongo. Mwaka wa mwezi wa Kiislamu wenye siku 354 au 355 haufuati majira, kwa hiyo hauwezi kumwongoza mkulima wala nahodha. Watu wa mwambao walikuwa na mwaka mwingine, wa jua, ulioanzia Nairuzi, au siku ya mwaka, ambayo kumbukumbu yake inaendelezwa katika sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja. Mwaka huo uligawanywa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi: miongo 36 hufanya siku 360, na siku 5 zilizobaki hutimiza 365. Majira ya pepo na ya kupanda yalihesabiwa kwa miongo hiyo. Hii ilikuwa ni elimu ya tabianchi, kwa kuwa haikusema kitakachotokea kesho. Ilisema kinachozoeleka kutokea katika mwongo fulani.

Katika Kiswahili cha leo mwongo ni kipindi cha miaka kumi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hukokotoa wastani wa tabianchi kwa kipindi cha miaka 30, na kipindi cha rejea kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Kwa maneno mengine, tabianchi huhesabiwa kwa miongo mitatu. Mwanafunzi anayejua kuwa wazee wa pwani walihesabu majira kwa miongo ya siku, na kwamba wataalamu wa leo huhesabu tabianchi kwa miongo ya miaka, ana daraja kati ya elimu mbili, naye hahitaji kuidharau yoyote kati ya hizo.

Nyenzo ya tatu ni majina ya majira, nayo inahitaji uangalifu. Katika tafsiri nyingi majina masika, kiangazi, vuli na kipupwe yamewekwa mahali pa majira manne ya nchi za baridi. Tafsiri hizo zina msingi kwa masika na vuli, kwa sababu miezi yake hukaribiana. Lakini zinachanganya misingi miwili ya kugawa mwaka. Majira manne ya Ulaya hutokana na mwinamo wa mhimili wa dunia, ambao hubadilisha sana urefu wa mchana na kiasi cha joto katika nchi zilizo mbali na ikweta. Masika na vuli hutokana na kupita kwa ukanda mvua, unaofuata jua likielekea kaskazini kisha kusini. Mtoto wa Tanga anayefundishwa kuwa vuli ni wakati wa majani kupukutika hufundishwa kutoiamini mvua anayoiona. Naye mtoto wa Songea anayekaririshwa masika na vuli huorodhesha majira ambayo kwao hayapo kwa sura hiyo.

5.0 Neno 'Wastani' na Taarifa za Utabiri

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyokuwa Wakala tangu 1999 na kuwa Mamlaka mwaka 2019, hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu. Lugha yake imekuwa ya kudumu: mvua za chini ya wastani, za wastani, au za wastani hadi juu ya wastani. Katika istilahi ya taaluma, mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali husika.

Katika Kiswahili cha kawaida, hata hivyo, 'ya wastani' humaanisha ya kadiri: si kubwa wala si ndogo. Msikilizaji wa Dodoma akisikia kuwa mvua zitakuwa za wastani, anaweza kutarajia mvua ya kadiri kwa jinsi yeye anavyoipima mvua; kumbe kinachosemwa ni kwamba itakuwa kama ilivyozoeleka Dodoma, yaani haba. Na mvua ya chini ya wastani katika mahali penye mvua nyingi inaweza bado kuwa mvua nyingi kuliko ile ya juu ya wastani katika mahali pakavu. Taarifa ni sahihi, lugha ni Kiswahili fasaha, na bado ujumbe umepotea.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wastani hufundishwa katika somo la Hisabati la shule ya msingi, lakini haunganishwi na mvua. Tuchukue takwimu za zoezi tu, zisizo za mahali popote. Kituo kimepima mvua ya mwezi Aprili kwa miaka mitano: milimita 180, 240, 150, 330 na 200. Jumla ni 1,100, na wastani ni 220. Asilimia 75 ya 220 ni 165, na asilimia 125 ni 275. Kwa hiyo mwaka wenye milimita 150 ulikuwa chini ya wastani, wenye 330 ulikuwa juu ya wastani, na mitatu iliyobaki ilikuwa ya wastani.

Zoezi hili dogo lina mafunzo matatu. Kwanza, wastani ni kiwango chenye upana. Pili, hakuna hata mwaka mmoja kati ya hiyo mitano uliopata milimita 220 kamili. Tabianchi ni hesabu inayotokana na hali za hewa, haionekani kwa macho siku yoyote. Tatu, miaka mitano ni michache, kwa sababu ule mwaka mmoja wa milimita 330 umeuvuta wastani wote juu. Mwanafunzi mwenyewe ataona sababu ya wataalamu kutaka miaka 30.

6.0 Mpangilio Unaopendekezwa

Vitabu vingi huanza na angahewa na matabaka yake, kisha vikashuka hadi kwenye mvua na upepo. Mpangilio huo unafuata mantiki ya sayansi iliyokamilika, si mantiki ya mtoto anayejifunza. Makala haya yanapendekeza mpangilio wa kinyume, wenye masomo manne.

Somo la kwanza ni hewa. Lengo ni mwanafunzi akubali kuwa hewa ni kitu. Gilasi tupu ikididimizwa majini kichwa chini, maji hayaijazi. Kuna kitu ndani. Hesabu ya uzito wa hewa ya darasa hufuata. Wanafunzi waorodheshe matumizi ya neno hewa nyumbani na mtaani, kisha wajadili ni yapi yanayoafikiana na walichokiona.

Somo la pili ni hali ya hewa, na liwe la kupima. Kipimamvua hutengenezwa kwa kopo lenye kuta zilizonyooka na rula. Hapa pana kosa la kawaida la kutazamiwa: wanafunzi hudhani kuwa kopo pana litaonyesha milimita nyingi zaidi. Wapewe makopo mawili ya upana tofauti, wayaweke pamoja mvuani, waone kuwa kimo cha maji ni kile kile. Kisha wajue kuwa milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Paa lenye eneo la mita za mraba 48 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 960. Kipimajoto nacho kiwekwe kivulini, mahali panapopitisha upepo, kwa sababu kinachotakiwa ni jotoridi la hewa. Kikianikwa juani hupima jinsi chenyewe kilivyochomwa. Mwanafunzi afundishwe kutofautisha joto na jotoridi kwa tendo hili, kabla ya kupewa fasili.

Katika somo hili ndipo pa kueleza wingu. Neno 'mvuke' hutumiwa kwa kile cheupe kinachotoka katika sufuria inayochemka. Mvuke wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni vitone vya maji vilivyotokana na mvuke kupoa. Wingu ni vitone vya namna hiyo, vyenye kipenyo cha takriban milimita 0.02. Tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 2 ni pana mara 100, na kwa hiyo ujazo wake ni sawa na vitone milioni moja. Hesabu hii inaeleza kwa nini si kila wingu hunyesha: vitone vinahitaji kuungana.

Somo la tatu ni tabianchi. Kumbukumbu za darasa zilinganishwe na wastani wa muda mrefu wa wilaya au kituo cha karibu. Wazee waulizwe kuhusu majira yalivyokuwa, lakini kumbukumbu zao zichukuliwe kuwa ni ushahidi wa kupimwa, sawa na ushahidi mwingine. Kimbunga kilichoipiga Zanzibar mwaka 1872, kile kilichofika Lindi mwaka 1952, na mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zinafaa kutumiwa kufundishia kuwa tukio moja kubwa ni hali ya hewa. Tabianchi huulizwa kwa swali jingine, yaani: matukio ya namna hii hutokea mara ngapi, na je, idadi au ukali wake unabadilika?

Somo la nne ndilo la angahewa. Swali zuri la kulianzia ni hili: ikiwa mlima uko karibu zaidi na jua, kwa nini kileleni kuna barafu? Jibu ni kwamba hewa hupashwa joto zaidi na ardhi iliyo chini yake kuliko na miali inayopita moja kwa moja. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopungua na kupoa, kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila kilomita. Kutoka Moshi, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha mita 5,895, jotoridi linaweza kushuka kwa nyuzi zipatazo 33. Tabaka ambamo hali hii hutokea ni troposfia, ambayo katika eneo la ikweta hufikia kimo cha kilomita 16 hadi 18. Jina la tabaka huja baada ya mwanafunzi kuwa na sababu ya kulihitaji.

7.0 Mapingamizi

Pingamizi la kwanza linaweza kuwa kwamba muktadha huondoa utata: msemaji wa Kiswahili hachanganyi watumishi hewa na hewa ya kupumua. Ni kweli kwa msemaji aliyekwisha kuzipata dhana zote. Mwanafunzi ndiye anayezitafuta, na muktadha alionao ni ule wa nyumbani. Pingamizi la pili ni kwamba ingekuwa rahisi zaidi kutumia maneno ya kigeni tangu mwanzo, kwa kuwa ndiyo atakayoyakuta sekondari. Lakini neno geni haliondoi dhana ya awali. Linaiacha mahali pake, bila kuguswa, na kuweka juu yake jina la kukariri. Mwanafunzi anayeingia sekondari akiwa na dhana mbili zilizotengana, hali ya hewa na tabianchi, atayapokea majina yake ya Kiingereza bila shida. Aliye na dhana moja ya jumla atayapokea majina mawili ya kitu kimoja.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: mwalimu mwenye wanafunzi wengi, na mtihani mbele yake, hana nafasi ya mijadala ya maneno. Hata hivyo, vifaa vilivyotajwa hapa ni gilasi, makopo, rula, kipimajoto na kalamu. Muda unaotumiwa kukaririsha matabaka ya angahewa kwa watoto wasioamini kuwa hewa ipo si muda uliookolewa.

8.0 Hitimisho

Makala yamejaribu kuonyesha kuwa maneno 'hewa', 'hali ya hewa', 'tabianchi' na 'wastani' yanamfikia mwanafunzi yakiwa na historia yake, na kwamba ufundishaji usioijali historia hiyo huzalisha fasili zisizo na dhana. Yameonyesha pia kuwa lugha hiyo hiyo, katika maneno 'tabia', 'kaskazi', 'kusi' na 'mwongo', inatoa msaada mkubwa. Kwa wanaisimu, hili linaashiria kuwa kazi ya istilahi haimaliziki pale neno linapokubaliwa na kuingizwa katika kamusi. Ni lazima ifuatwe hadi darasani, pionekane neno linavyopokewa na mtoto wa miaka kumi. Kwa walimu, linaashiria kuwa somo la Sayansi na la Jiografia ni somo la lugha pia. Utafiti wa nyanjani unahitajika kuhusu maana ambazo watoto wa mikoa mbalimbali, hasa wale ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, huyapa maneno haya. Kwani mtoto wa Kisukuma au wa Kinyakyusa huja na majina mengine ya mvua na upepo, ambayo hayajaulizwa.